Kizibo cha Mpingo

Kwa siku ya tatu mfululizo, Mzee Kyule alikuwa ameshaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya trafiki kabla mlango haujafunguliwa. Koti lilelile la kijivu, kofia mapajani, na ndani ya kofia picha ya binti yake aliyoitoa kwenye fremu. Inspekta Asenath Nabalayo alimwona tangu langoni na, Mungu amsamehe, alitamani angepitia mlango wa nyuma. Lakini kituo kile kina mlango mmoja tu, na hata kingekuwa na kumi, mtu aliyefiwa na mtoto hakwepwi.

"Umeamkaje, Baba Kavinya?"

"Sijalala, sembuse kuamka. Yule muuaji anaenda kortini lini?"

"Kesho asubuhi. Kama nilivyokwambia jana."

"Na wewe utasema ni yeye?"

"Nitasema nilichokiona. Bado nachunguza."

"Unachunguza nini, madam?" Mzee alisimama, na kofia ikataka kumponyoka. "Lori limemfuata mwanangu kando ya barabara, amesimama zake ananunua nduma. Dereva yuko ndani, hana hata mkwaruzo. Unachunguza nini? Ama ni kwa sababu anaitwa Wanyonyi? Nyinyi watu wa huko mnajuana."

Nabalayo alizaliwa Chwele, ndiyo, na huyo dereva kwao Kimilili, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Miaka kumi na tisa kwenye trafiki, na alikuwa amewapeleka ndani Wabukusu wengi kuliko alivyopenda kukumbuka. Angeweza kumjibu. Alimwita tu karani amletee mzee chai, akaingia ndani.

Mambo yaliyojulikana kwa hakika yalikuwa machache. Jumanne saa tatu asubuhi, lori lenye trela la saruji lilikuwa likiteremka Kangundo Road kuingia Komarock. Lilikataa kusimama, likaacha lami, likavunja kibanda cha muuza nduma za kuchemsha. Mwenye kibanda alivunjika mkono. Mteja wake, Kavinya, msichana wa miaka ishirini na moja aliyekuwa akienda chuo, alifia palepale. Mengine yote yalikuwa maneno ya watu, na watu wa mtaa, ukiwapa lori na maiti, chupa ya pombe wataileta wenyewe. Kila shahidi aliapa dereva alikuwa amelewa chakari. Ripoti ya hospitali ilikuwa kwenye droo ya Nabalayo tangu jana: damu ya Wanyonyi haikuwa na tone la pombe. Alipepesuka aliposhuka kwa sababu aliona alichokifanya. Na kidhibiti mwendo kilionyesha kilomita arobaini na saba kwa saa. Hakulewa, wala hakukimbia. Sasa lori zima hukataaje kusimama?

Patrobas Wanyonyi aliletwa kutoka seli akiwa pekupeku. Mtu mrefu, lakini siku tatu zile zilikuwa zimemkunja.

"Nieleze tena, Wanyonyi. Pole pole."

"Nilikanyaga, madam. Kichwa cha lori kikashika vizuri. Trela ndilo likaendelea kunisukuma kwa nyuma. Nikakanyaga mpaka mwisho, bado linasukuma."

"Ulipima breki kabla ya kutoka yadi?"

"Nilipima. Nilifunga trela peke yake, nikatia gia ya kwanza nikavuta. Likakataa kutoka."

"Ulilifunga kwa pedali?"

"Hapana. Kwa kile kitufe cha kuegesha. Ndivyo sote tunavyopima."

Nabalayo aliandika hilo, akalipigia mstari. "Trela hili umeliendesha muda gani?"

"Siku ile ilikuwa ya kwanza. Kazini kwenyewe nina wiki tatu. Pale dereva hana trela lake, unaambiwa leo vuta hili, kesho lile."

"Kampuni imeleta barua. Inasema trela ni zima, kosa ni lako."

Wanyonyi alitazama vidole vya miguu yake. "Basi andika ni mimi, mayi," alisema, akimwita mama kwa Kibukusu. "Nimechoka. Nilimwona uso yule msichana. Alikuwa anacheka na yule mama wa nduma. Hakuwa hata ameniona." Akaanza kulia, kile kilio cha wanaume wazima ambacho huanza kwa kikohozi. Hakuna kifungu cha sheria kinachomfundisha askari la kufanya hapo.

Uwanja wa nyuma wa kituo ndio makaburi ya magari. Trela lilikuwa limeegeshwa huko, limeshushwa saruji yote, na mkaguzi wa magari Munyao alikuwa akilizunguka huku akila muhogo wa kuchoma. Munyao alikuwa mnene, mropokaji, na katika kazi yake hakuwa na mwenzake.

"Habari ya asubuhi, madam. Umekuja kunisaidia ama kuniharakisha?"

"Vyote viwili. Anza."

Kichwa cha lori lile kilikuwa kimepondeka, kwa hiyo Munyao alikuwa ameazima kingine ili tu kulipatia trela upepo. Aliweka mawe kwenye magurudumu. Akaunganisha paipu mbili: nyekundu, inayojaza upepo kwenye tangi la trela, na ya manjano, inayopeleka amri ya pedali. Breki za malori haya huendeshwa na upepo. Upepo usipofika, dereva anakanyaga bure.

"Kosa la kwanza la madereva," alisema Munyao, "ni kusahau kufungua kilango cha upepo hapa nyuma ya kichwa. Trela linafuata tu kama mbuzi, breki hakuna. Naweka dau ni hilo."

Akatazama zile picha zilizopigwa siku ya ajali, akavikuza vilango kwenye simu. Vyote viwili vilikuwa wazi. Hata vishikio vyake vilielekea kunakotakiwa.

"Dau limeliwa," alisema Nabalayo. "La pili?"

"Kuvuja." Munyao alichukua ndoo ya maji ya sabuni akapaka viungio vyote, kimoja kimoja, huku Nabalayo mwenyewe akiwa amekalia kiti cha dereva akiangalia geji. Upepo ulipanda, ukafika juu, ukatulia. Dakika tano. Dakika kumi. Mshale haukushuka hata nukta.

"Basi breki ni nzima," alisema Nabalayo kutoka dirishani.

Munyao alitikisa kichwa. Alikuwa amesimama na ndoo yake, uso umemkunjamana. "Madam, trela hili lina miaka kumi na tano. Halina povu moja! Hata mimi navuja. Kitu cha umri huu kisichovuja popote, kuna mtu amekiziba. Hebu kanyaga pedali, ushikilie."

Alikanyaga. Munyao alitambaa chini ya trela na tochi. Lilikuwa na ekseli tatu, magurudumu sita yenye breki, na kila moja lina fimbo ya chuma ambayo lazima isukumwe nje upepo ukifika. Nabalayo alimsikia akihesabu kwa sauti. Kulia mbele, imetoka. Kulia katikati, haijatoka. Kulia nyuma, haijatoka. Sauti ilihamia upande wa pili. Kushoto mbele, imetoka. Kushoto katikati, haijatoka. Kushoto nyuma, haijatoka.

"Achilia, madam. Shuka uje uone."

Aliingia chini na sare yake, magoti kwenye vumbi la saruji. Munyao alimwonyesha. Paipu ya gurudumu la kwanza ilikuwa imekatwa ikashindiliwa bolti. Ya pili ilikunjwa ikafungwa waya. Ya tatu mtu alikuwa ameichomeka plagi kuukuu ya injini. Ya nne bado alikuwa akiifuta matope.

"Hii wanaita kuua gurudumu," alisema Munyao, na sasa hakuwa akiropoka. "Ule mpira wa ndani ya breki, dayaframu, ukipasuka njiani, upepo wote unamwagika na lori haliendi popote. Fundi anaziba paipu ya gurudumu hilo moja ili ufike nyumbani. Wanafunga kitambaa chekundu hapo, ili mwingine ajue. Gurudumu moja kati ya sita si kitu, ndivyo wanavyosema. Na ni kweli, moja si kitu."

"Lakini haya ni manne."

"Watu wanne, madam. Angalia, hakuna mikono miwili inayofanana. Kila mmoja aliua moja akajua ni hilo tu. Vitambaa vikaanguka na matope. Haba na haba."

"Na kule kupima kwa Wanyonyi? Trela lilishika."

"Lingekosaje kushika? Kitufe cha kuegesha kinatumia springi, na springi zote sita ni nzima. Zina njia yake. Waliua njia ya pedali tu. Yule kijana alipima vizuri kabisa kitu ambacho hakikuwa kibovu."

Nabalayo alikaa chini palepale kwenye changarawe. Sasa alijua lori lilivyokataa kusimama. Lakini alijua pia mwendesha mashtaka atakavyosema kesho: madereva huziba wenyewe, Wanyonyi aliziba mwenyewe, na barua ya kampuni hii hapa. Ili kumtoa ndani alihitaji mtu mmoja tu wa kusimama na kusema, kizibo hiki ni changu, nilikiweka kabla Wanyonyi hajaijua hata yadi hiyo. Bolti haina jina. Waya hauna jina.

"Nipe cha nne," alisema.

Munyao alikichomoa, akakifuta kwa kidole gumba, akaacha kutafuna. Kilikuwa cheusi, kama kidole kidogo kwa ukubwa, chembamba upande mmoja. Kilikuwa na mikato mitatu ya kuzunguka ili waya usiteleze.

"Ngai!" alisema taratibu. "Huu ni mpingo. Na umepigwa msasa. Madam, nani anapiga msasa kitu cha kuziba upepo chini ya trela? Babangu alichonga twiga kule Wamunyu kwa wachonga vinyago maisha yake yote. Huu mkono naujua unakotoka."

"Ni wa nani?"

"Mafundi wa breki ni wengi. Anayechonga vizibo ni mmoja tu, Kariobangi nzima." Munyao aligeuza uso kuelekea mbele ya kituo, kule kwenye benchi. "Usinifanye nimtaje. Tafadhali. Tuliimba naye kwaya moja."

Nabalayo alikitia kizibo kwenye mfuko wa ushahidi. Alirudi mbele akikimbia. Benchi lilikuwa tupu, kikombe cha chai kimejaa vilevile. Karani alisema mzee ameenda kazini. Alisema mikono yake inamwasha akikaa bure.

Karakana ya Kyule iko katikati ya mabanda ya Kariobangi Light Industries, baina ya mchomea mageti na muuza springi. Kelele zake ni za kupasua kichwa, lakini siku hiyo majirani walikuwa wakigonga kwa adabu, pole pole, kwa sababu ya msiba. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alikuwa na kisu na kipande cha mti mweusi.

"Madam! Umenifuata hadi huku?" Alifuta kigoda kingine kwa mkono wa koti. "Nilikutusi asubuhi. Usiniwekee moyoni."

"Sijakuwekea, mzee." Alikaa. Alijua angepaswa kuweka kile kizibo mezani kwanza. Lakini upelelezi una desturi zake: shahidi huulizwa kabla hajaonyeshwa. Aliichukia kazi yake wakati ule, aliichukia kweli. "Hivyo unavyochonga ni vya nini?"

"Hivi? Vya kuulia gurudumu. Wenzangu wanatia bolti, bolti inakata paipu. Mti ukipata unyevu unavimba, unakaza wenyewe." Kwa mara ya kwanza kwa siku tatu uso wake ulipata uhai kidogo. "Tangu nianze, hakuna kizibo changu kilichowahi kutoka."

"Cha mwisho ulikifunga lini?"

"Wiki moja kabla ya Pasaka. Dereva mmoja, Ayanle, alikuwa amekwama hapo nje na trela la turubai ya bluu. Alinisihi, ana mzigo wa watu. Nikamwambia, nakuulia hili, Jumatatu uniletee dayaframu mpya. Hakurudi. Hawarudi hawa."

"Gurudumu gani?"

"La nyuma, kushoto." Kisu kilipunguza mwendo. "Kwa nini unauliza?"

"Mengine uliyaangalia?"

"Mengine yapi?"

"Yale matano."

"Siyaangalii, madam. Fundi anatengeneza alipoitiwa. Ukianza kupekua gari la mtu, kesho haji kwako." Kisu kilisimama kabisa. "Mbona unaniuliza hivi?"

Pasaka ilikuwa imepita miezi mitatu. Nabalayo alitoa mfuko wa plastiki wa ushahidi akauweka juu ya meza, katikati ya nati na vumbi la msasa.

Mzee Kyule aliuinua, akakigeuza kizibo ndani ya plastiki, akapitisha ukucha kwenye ile mikato mitatu. Jirani mmoja aligonga chuma mara mbili, akaona nyuso zao, akaacha.

"Mmekitoa wapi?"

"Unajua nimekitoa wapi, mzee."

"Lile lilikuwa na turubai ya bluu."

"Hili pia. Jumanne lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi."

"Woi," alisema Kyule. Alilisema kidogo tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyejichoma sindano. "Yalikuwa mangapi yaliyouawa?"

"Manne."

"Mimi niliua moja."

"Najua."

"Moja tu, madam! Moja si kitu. Uliza fundi yeyote hapa, moja si kitu!"

"Kila mmoja wao aliua moja tu, Baba Kavinya."

Aliinama, paji la uso likagusa meza, na mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Nabalayo alimwekea mkono mgongoni. Hakuna mpelelezi anayefanya hivyo, na kama wakubwa wake wanasoma haya, basi na wasome.

Alimwacha mpaka alipoinua kichwa mwenyewe. Kisha akamweleza yote, kwa sababu hakuwa na haki ya kumficha.

"Hao wengine watatu siwezi kuwapata. Ni wewe pekee ambaye kazi yako inajulikana. Ukisema hiki hukijui, sina la kukufanya, na kesho Wanyonyi atasimama kizimbani peke yake, na atafungwa. Ukisema ni chako, itajulikana breki zilikufa kabla hajaajiriwa. Yeye atatoka, na nitaigeukia kampuni. Lakini na wewe utakuwa umejitaja. Lazima nikuonye, utakayosema yanaweza kutumika dhidi yako. Una haki ya kunyamaza."

"Yule kijana ana umri gani?"

"Ishirini na sita."

"Asubuhi nilikuwa namwombea afe." Kyule alipangusa uso kwa kiganja, akajiachia mistari ya vumbi jeusi. "Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia Mungu, huyu aliyemuua mtoto wangu usimwache alale."

Nabalayo alifungua daftari. Mzee alivuta kigoda karibu na meza, akaketi wima kama anayepigwa picha.

"Andika," alisema.

Aliandika kurasa mbili. Kyule alizisoma neno kwa neno, midomo ikitembea, akaweka kidole mahali pamoja. "Hapa umeandika mbao. Andika mpingo. Wakisoma wajue ni mimi." Akarekebisha. Mzee akatia sahihi, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima. Hapohapo nje ya karakana Nabalayo alimpigia simu mwendesha mashtaka: kesho hatamleta Wanyonyi, ana ushahidi mpya, na anataka rekodi zote za matengenezo za kampuni kabla ya jioni. Mwendesha mashtaka alilalamika. Akalalamika tena. Mwishowe akakubali.

Alipogeuka, Kyule alikuwa amefunga mlango wa banda na kusimama na kufuli mkononi.

"Madam, wewe umepeleka habari za vifo kwenye nyumba ngapi?"

"Nyingi. Sikuzihesabu."

"Watu huanzaje?"

Nabalayo alimsaidia kufunga kufuli. "Nitakusindikiza," alisema. "Nitakaa mlangoni. Ukishindwa, nitakusaidia."

Fleti alikokaa Kyule zilikuwa mwendo wa dakika kumi, naye alikaa orofa ya tatu. Wanawake wa kanisa walikuwa wameketi kwenye ngazi wakichambua mchele wa kupikia wageni wa matanga. Walimsogelea mzee mmoja mmoja kumpa mkono, naye akawapa wote mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha mfukoni. Mkewe, Mbeti, alikuwa kwenye godoro lililowekwa sakafuni sebuleni, leso mabegani, macho yamevimba. Alimwona inspekta nyuma ya mumewe akajiinua kwa viwiko.

"Umetoka kituoni, Baba Kavinya?"

"Nimetoka."

"Wamemjua aliyemuua mwanangu?"

"Wamemjua."

"Amekiri?"

Nabalayo alishika fremu ya mlango. Kyule alishuka kwenye godoro pole pole, goti moja, kisha la pili, mpaka macho yake yakalingana na ya mkewe.

"Amekiri," alisema. "Nipe mkono wako, Mama Kavinya, nikwambie ni nani."